Anayekoroma barabarani hajalala

Muulize Mama wa Ambulensi: wasomaji wanauliza, mhudumu wa miaka mingi wa Mombasa anajibu.

SWALI: Shikamoo mama. Nasomea huduma ya dharura. Kwenye mtihani wa vitendo nilitia kibomba cha mdomoni bila kupima, mwalimu akaninyima alama zote. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwanasesere! Kwani tofauti ya sentimita moja ina neno?
Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Marahaba mwanangu. Ina neno, tena kubwa. Kile kibomba kilichopinda, tunachokiita Guedel kwa jina la daktari Mmarekani aliyekieleza mwaka 1933, kazi yake ni kuuzuia ulimi usiangukie nyuma ya koo. Kikiwa kifupi, kinausukuma ulimi uleule kulekule ulikokuwa unaelekea. Kikiwa kirefu, kinaweza kukibana kifuniko cha koo, hewa ikazibwa na wewe mwenyewe. Kiweke shavuni kwanza: kianzie pembe ya mdomo, kiishie pembe ya taya. Ni sekunde mbili. Kwa mtu mzima unakiingiza juu chini, kisha unakizungusha kikifika kwenye kaakaa. Mtoto mdogo hazungushiwi, kaakaa lake ni laini.

Tena mwanasesere hatapiki. Mgonjwa wangu wa kwanza alitapika. Nilimwona kalegea nikadhani hana fahamu kabisa, nikamtia kibomba, kumbe koo lake bado lilikuwa macho. Chakula chote cha mchana kikapanda, nasi tumo ndani ya gari linalokimbia. Tangu siku hiyo, mgonjwa akionyesha tu dalili ya kutaka kutapika, kibomba natoa, na mashine ya kufyonza naiweka karibu na goti langu. Fyonza wakati unautoa mpira wa mashine hiyo, si wakati unauingiza, na kwa mtu mzima usipite sekunde 10 hadi 15, kwa sababu ukifyonza matapishi unafyonza na hewa yake.

Ila kabla ya kibomba una mikono. Usiku mmoja tuliitwa Mtwapa, kijana wa bodaboda kagongwa. Watu wamemzunguka, bwana mmoja akaniambia, "Dada, huyu kalala, mwacheni apumzike." Kijana alikuwa akikoroma kama aliyeshiba biriani. Mtu aliyeumia kichwa akawa anakoroma hajalala. Ni ulimi umeanguka na hewa inapita kwa kujibanabana. Sikukilaza kichwa chake nyuma kama ningemfanyia mtu aliyezimia kitandani kwake, maana huenda shingo ilikuwa imevunjika. Nilipiga magoti kichwani pake, nikaweka vidole nyuma ya pembe za taya, kulia na kushoto, nikalisukuma taya mbele mpaka meno ya chini yakayapita ya juu. Mkoromo ukakatika papo hapo. Yule bwana akauliza, "Amekufa?" Ndiyo kwanza alikuwa anapumua.

Ukifika kwenye Ambu, ule mfuko wa kuminya unaompulizia mgonjwa hewa, usiminye kwa pupa. Mtu mzima mwenye mapigo ya moyo lakini asiyepumua, pumzi moja kila sekunde 6, na unaacha kuminya kifua kinapoinuka. Mimi huhesabu kama anayevuta uradi: punje sita za tasbihi, minyo mmoja. Ukiharakisha, hewa inaingia tumboni, na tumbo likijaa unajua kinachofuata.

SWALI: Mume wangu ana kisukari. Juzi alijidunga insulini akachelewa kula, akaanguka asiamke. Shemeji akamjaza sukari mdomoni. Watu wa ambulensi walipofika wakamkaripia. Kosa lake nini?
Mama Watatu, Kilifi

JIBU: Dada yangu, shemeji hakukosea dawa, alikosea njia. Mtu anayejibu, anayeshika kikombe mwenyewe na kumeza, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida. Asiyeamka hapewi kitu mdomoni, hata kijiko kimoja, maana koo halimezi na kitu kinateremkia mapafuni. Nimewahi kufyonza kooni mwa mzee wa watu shira nzito kama ya kaimati. Mlaze ubavu, mdomo uinamie chini kidogo, upige simu, na useme mapema kwamba ana kisukari na alijidunga saa ngapi. Sisi tutapima tone la damu ya kidole, na glukosi itapitia mshipani. Kumkaripia mtu aliyetaka kuokoa ndugu yake, hilo nalo halikuwa na haja.

SWALI: Nina miezi mitatu kazini. Begi la dawa linanitisha kuliko ajali yenyewe. Nifanyeje?
Mhudumu mpya, Lamu

JIBU: Afadhali likutishe. Mimi halikunitisha, nikakaribia kuua. Mzee alidungwa na nyuki shambani, uso umevimba, sauti imekwaruza. Sauti ikikwaruza hivyo, koo linafunga, na hapo adrenalini ndiyo inayofungua njia ya hewa. Mtu mzima anapewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kichupa chetu kina miligramu 1 katika mililita 1, kwa hiyo unavuta nusu mililita. Hesabu nilikuwa nayo kichwani safi kabisa. Nikapapasa begini, taa ya gari hafifu, nikasoma kichupa kwa sauti: "Atropini," dawa nyingine kabisa. Mwenzangu akageuka: "Umesema nini?"

Basi soma kichupa mara tatu: ukikitoa, ukivuta dawa, na kabla ya kudunga. Soma kwa sauti, na mwenzako arudie jina na kipimo. Uliza mzio. Andika saa palepale, hata kwenye glovu. Na dawa isiyomo kwenye mwongozo wa ngazi yako, usiiguse hata ukililiwa.

SWALI: Mama, kijiweni tunabishana. Mwenzetu akianguka, helmeti tuvue tusivue?
Wana bodaboda, Likoni

JIBU: Akiwa anaongea na kupumua vizuri, iacheni, mmoja akitulize kichwa mpaka tufike. Akiwa hapumui, au matapishi yamejaa ndani, ivueni, lakini wawili: mmoja ashike shingo na taya zisicheze, mwingine aitanue pande za mashavu na kuivuta polepole. Kamba fungueni kwanza. Nimeshaona watu wanavuta helmeti na kichwa chake, kamba ingali imefungwa kidevuni.