Kabla hujaziondoa if zako, soma yaliyonipata Lamu

Usizigeuze `if` zako, yaani masharti yaliyoandikwa wazi katika msimbo wa programu, kuwa `||=`, opereta (alama) fupi ya kuweka thamani kwa sharti, ndugu yangu wa Malindi. Umeuliza kama opereta fupi zinazoongezwa katika lugha za programu zinaufanya msimbo usomeke kwa shida, na ni lugha gani imfae anayeanza, kisha ukataja kwa kupita tu kwamba umeshaanza kufupisha programu yako ya tikiti za boti. Hilo ulilolipita ndilo lililonishtua.

Niliandika kwa lugha ya JavaScript programu ya nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, hapa Mkomani. Sharti langu la mistari mitatu lilisema wazi kwamba ikiwa idadi ya vyumba vilivyobaki siku fulani haijawekwa, iwekwe 4. Nikalifupisha: `siku.vilivyobaki ||= 4`. Opereta hiyo, iliyoingizwa katika lugha mwaka 2021, haiulizi kama thamani ipo, bali huuliza kama inahesabiwa kuwa kweli, na JavaScript huihesabu sifuri kuwa si kweli, sawa na maandishi matupu na `null`, alama ya kwamba hakuna thamani. Kwa hiyo siku iliyojaa, iliyobakiwa na vyumba 0, ilichukuliwa kuwa haijaguswa, ikaandikiwa 4, na programu ikaihifadhi hiyo 4, hata dalili ya kwamba nyumba imejaa ikafutika.

Nilikuwa nimejaribu kwa siku tupu na kwa siku zilizobakiwa na chumba kimoja au viwili, basi sikuona kasoro. Ikaingia Mfunguo Sita, mji ukafurika wageni wa Maulidi, na jioni moja familia tatu zilizokwisha kulipa zikavuka kutoka Mokowe na kukaa barazani na mizigo yao, watoto wakisinzia, ilhali hakuna kitanda. Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyeniamini, alibisha hodi kwa majirani mpaka usiku akiwaombea wageni wake pa kulala, kisha akawarudishia fedha zote. Nililipa nusu ya hasara kwa miezi mitano. Yeye alirudi kwenye daftari, na sikuwa na neno la kumzuia.

Mkufunzi wa mtandaoni aliyenifundisha kwamba mstari mfupi ndio msimbo safi bado ananitia hasira. Alionyesha `||=` kwa mfano wa jina la mtumiaji, mahali ambapo sifuri haitokei kamwe, akapita bila kuitaja, naye anajua kwamba wanaomsikiliza huhesabu vyumba, viti na fedha.

Ufupi wenyewe siulaumu. `??=` iliingia mwaka uleule, ni fupi vilevile, nayo huweka thamani pale tu palipo na `null` au `undefined` (thamani ambayo haijawekwa), kama lilivyosema sharti langu la awali. Watu wa Python, lugha nyingine ya programu, walibishana vikali juu ya opereta fupi `:=`, hata Guido van Rossum, mwanzilishi wake, akaacha nafasi yake ya mwamuzi wa mwisho Julai 2018, lakini iliyonigharimu mimi si sura ya alama. Kabla sijaandika opereta fupi sasa, huipa 0, maandishi matupu, `false` na `null`, moja baada ya nyingine, na nikishindwa kutabiri jibu hata la moja, `if` hubaki.

Fungua msimbo wako uanze na viti vilivyobaki, kwa sababu boti ikijaa itauzwa upya yote. Kisha tazama nauli ya mtoto anayesafiri bure, maana nayo ni 0.