Nimeandika Nina Kifafa, Ofa Ikafutwa

SWALI: Anti shikamoo. Nilifanya intavyuu ya kazi ya kuingiza data kwenye kompyuta, nikapita, nikatumiwa mpaka barua ya ofa, halafu wakanipeleka kupima afya. Kwenye fomu nikaandika ukweli, nina kifafa, natumia dawa na sijaanguka zaidi ya miaka miwili. Mara napigiwa simu eti nafasi imesitishwa, ila tangazo naliona limewekwa upya na tarehe mpya! Marafiki wananiambia next time nidanganye. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Hilo tangazo lipige skrinishoti sasa hivi kabla hawajalitoa, tarehe ionekane, maana nafasi iliyositishwa haitangazwi tena na hapo ndipo watakapobanwa.

Halafu waandikie imeili, usipige simu, fupi tu na ya upole, uwaulize ofa imefutwa kwa sababu gani, na kama ni afya, ni kazi ipi kati ya zile walizozitaja kwenye tangazo wanaona huiwezi. Hilo la pili ndio lina meno. Kuwa na kifafa na kushindwa kazi ni vitu viwili, na mwajiri anatakiwa akupime wewe kwa kazi hiyo, sio aogope jina la ugonjwa. Sitakuficha, kuna kazi wana haki ya kusita, kama kuendesha lori, kupanda minara au kusimama kwenye mashine inayokata, mtu akianguka pale anakufa au anaua. Ila kibodi jamani? Ukianguka ofisini wenzako wasogeze viti, wakulaze ubavu, waangalie saa, ikipita dakika 5 waite msaada wa dharura, na wasikutie kijiko mdomoni (bado kuna watu wanafanya hivi, wanavunja watu meno bure). Basi.

Daktari anayekutibu akupe barua, lakini sio ile ya "mgonjwa anaendelea vizuri", hiyo haisaidii kitu. Mpelekee tangazo aandike kwa kufuata kazi zenyewe, kwamba unaweza kukaa kwenye kompyuta, dawa hazikulevyi kama kweli hazikulevyi, na kama kukosa usingizi kunakuamshia kifafa aseme usipangiwe zamu za usiku. Kubadilishiwa zamu ni haki sio fadhila, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unahesabu kumnyima mtu marekebisho ya namna hiyo kuwa ni ubaguzi, na kifungu cha 27 kinagusa mpaka hatua ya kuajiriwa, sio ukishaingia ofisini tu. Najua utasema "mimi sio mlemavu anti", ila ulemavu sio lazima uonekane kwa macho, na sheria za nchi nyingi zinaingiza na magonjwa ya muda mrefu.

Wakikaa kimya nenda ofisi ya kazi au tume ya haki za binadamu, na uende mapema kwa sababu muda wa kulalamika huwa mfupi, watu wengi wanakosa haki kwa kusubiri tu.

Sasa hao marafiki. Kwenye CV na intavyuu huna haja ya kutaja ugonjwa kama hujaulizwa, huo sio uongo. Fomu ya afya ni kitu kingine, ukidanganya wakaja kugundua watakufukuza kwa uongo na ugonjwa wala hawatautaja, utawashika wapi? Ulivyojaza ni sawa kabisa. Omba kopi ya hiyo fomu.