Shemeji anasema ni kazi ya wikendi tu

SWALI: Jambo sana, Mama. Mimi na bwana yangu tumeachiwa shamba la wazazi wake kwenye barabara ya Kipushi: mahindi, kuku, mbuzi kumi na wawili na kidimbwi cha samaki. Shemeji amerudi kutoka Zambia, anasema tujenge vijumba sita vya wageni, maana watu wa Lubumbashi wamechoka na makelele ya mji. Kwake yeye hiyo ni kazi ya Jumamosi na Jumapili. Matofali yameshanunuliwa. Naomba uniambie, wiki yenyewe inakuwaje?
Msomaji wa Ruashi

JIBU: Jambo sana, mwanangu. Shemeji atafua mashuka yeye? Muulize leo, kabla fundi hajaja.

Sisi tuna vijumba vitatu upande wa barabara ya Kasumbalesa, huu ni mwaka wa saba. Jumapili kwangu ni siku nyepesi: wageni wamekaa kwenye payoti, kile kibanda cha nyasi kilicho wazi, kijana anachoma nyama ya michopo, watoto wao wanakimbiza bata. Uzito ni Jumatatu. Saa kumi na moja asubuhi mbuzi wanalia kama kawaida, hawana habari kwamba jana uliwaaga watu saa nne usiku. Kwanza maji ya wanyama, mayai, kusafisha banda. Halafu mashuka: vitanda sita, mawili kila kitanda, na foronya na mataulo, yote kwa mkono. Mwezi wa nane, shuka jeupe likisahauliwa kwenye kamba hadi saa saba, malori yamekwisha kulipaka vumbi jekundu na unalirudisha kwenye beseni. Mwezi wa kwanza mvua haikupi nafasi, linakaa siku tatu na bado linanuka unyevu. Basi nina seti tatu kwa kila kitanda, na nyeupe niliziacha, natumia za rangi ya kahawia. Wapo wanaoniambia mgeni anapenda nyeupe. Waje wafue.

Jumanne na Jumatano ni za shamba. Hapo nitakuambia jambo moja tu, la kuku. Mgeni ambaye naye anafuga kwake anaweza kukuletea ugonjwa kwenye viatu. Tulipoteza kuku arobaini kwa wiki moja kabla sijaelewa hilo. Sasa nawachanja dhidi ya ugonjwa wa Newcastle kila miezi mitatu, na anayetaka kuona vifaranga anawatazama akiwa nje ya wavu.

Alhamisi naenda mjini: unga, mafuta, sabuni, makala ya jiko. Ijumaa jioni simu: "Mama, tuko njiani, tuko wanane." Walikuwa wameomba vitanda vinne. Utazoea, au utakuwa kama mimi, unaomba nusu ya pesa mapema. Na noti za dola uzikague mchana, si kwa taa. Yenye mpasuko mdogo kama ukucha mgeni atakuachia akicheka, na sokoni hakuna atakayeipokea.

Sasa sikiliza hili kuliko yote. Mwezi wa sita na wa saba, huku kwetu asubuhi nyingine hazifiki digrii 10. Mgeni wa mjini anadhani shamba ni joto, anakuja na shati la mikono mifupi, halafu saa tatu usiku anaomba mbabula, jiko la makala, chumbani. Mwaka wetu wa kwanza nilimpa. Makala yalikuwa yameshika vizuri, mekundu, bila moshi hata kidogo, na mimi nikaona ni salama kwa sababu hakuna moshi. Walifunga dirisha. Saa nane usiku mama yule alitambaa hadi mlangoni akitapika, kichwa kinampasuka, mtoto wake haamki vizuri. Tuliwatoa nje, tukawafunika, tukawapeleka hospitali usiku huohuo. Walipona. Sumu ya makala haina harufu wala rangi. Mtu analala tu. Tangu usiku ule mbabula haivuki kizingiti kwangu, hata aombe nani. Natoa blanketi mbili nzito kwa kila mtu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Na fundi aweke matundu ya hewa juu ya ukuta, yale yasiyofungika.

Kama mtaezeka kwa nyasi, mwezi wa tano fyekeni mzunguko mpana kuzunguka vijumba mpaka ubaki udongo mtupu. Jirani akichoma pori lake mwezi wa nane, moto hauulizi mpaka wa shamba.

Kwa hiyo sita? Hapana. Sita ni vitanda kumi na viwili, mashuka ishirini na manne kila Jumatatu, na wewe una mikono miwili na mahindi ya kupalilia mwezi wa kwanza. Jengeni kimoja kwa hayo matofali, yatakayobaki mjengee banda la kuku mbali na njia ya wageni. Kikiisha, wewe na shemeji mlale humo kwa zamu, kila mtu usiku wake mmoja wa mwezi wa saba, kwa blanketi zilezile mtakazompa mgeni. Yeye aanze.