Nyumeki, mekinyu au menyuki? Anti anajibu maswali yenu ya kinyume

Toleo lililopita nilibakiwa na nafasi kidogo chini ya ukurasa nikaandika kwa kinyume, ule mchezo wa kugeuza silabi za maneno, "Ndatunakwe nimji, wewe rinisubi", nikasema atakayeelewa anijibu. Jamani. Sikujua kama nimechokoza nyuki, maana barua na meseji zilivyomiminika hapa, wengine wamejibu sahihi (tunakwenda mjini, wewe nisubiri), wengine wamenitukana kwa kinyume nikakaa na kalamu nusu saa kulitafuta hilo lilikuwa ni tusi gani, na wengine wengi wanataka kufundishwa. Ngoja nijibu machache, mengine yatasubiri.

Anti shikamoo. Mi na binamu yangu wa Pemba hatuelewani kabisa. Kitabu yeye anasema bukita, mi nasema tabuki, afu jirani akaingilia eti wote hatujui, ni butaki. Nani yuko sahihi, tumeshawekeana soda. (Msomaji, Temeke)

Marahaba mwanangu. Soda mgawane tu, maana wote watatu mko kwenye kinyume, ila kila mtu na kinyume chake. Binamu anachukua silabi ya mwisho anaileta mbele: ki-ta-bu, bu inatangulia, bukita. Wewe unachukua ya kwanza unaitupa nyuma, tabuki. Jirani yeye anageuza zote kama mtu anayerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, butaki. Na ndo maana hata jina la mchezo wenyewe lina sura tatu, mekinyu kwa binamu, nyumeki kwako, menyuki kwa jirani.

Sa kinachowadanganya ni kwamba mlipoanza mlikuwa mnatumia maneno mafupi. Paka wote mtasema kapa, pesa wote mtasema sape, kwa sababu neno likiwa na silabi mbili njia zote tatu zinafika mlango mmoja. Ugomvi unaanza silabi ya tatu. Nimeona watu wanacheza wiki nzima wanaelewana vizuri, siku akitajwa samaki ndo wanagundua hawajawahi kuongea lugha moja.

Ukinibana nichague, niko na binamu. Kwanza ana wazee nyuma yake: Edward Steere, yule mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja 1864 na 1874 akafanywa askofu, alikikuta kinyume watu wanakiongea na akakieleza kwenye vitabu vyake vya Kiswahili, kwamba ile silabi ya mwisho ndo inayokuja mbele. Kwa hiyo mchezo huu si wa juzi, na mwenye kudhani ni utoto wa shule za bweni ajue babu wa babu yake huenda alipangia watu njama kwa lugha hiyohiyo. Pili, Kiswahili chetu kina vitenzi virefu. Chukua "hawatakusumbua". Kwa njia ya binamu ni ahawatakusumbu, na mwenzio akiitoa ile a ya mbele akairudisha mwisho kazi imekwisha. Kwa njia ya jirani ni ambusukutawaha. Hebu litamke hilo haraka mara tatu halafu uniambie kama ulimi bado uko mdomoni. Majibu yote yanayofuata natumia njia ya binamu.

Habari Anti, mimi nageuza herufi, nikitaka kusema "meza" nasema "azem", lakini wenzangu wananicheka. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Wana haki ya kucheka, mwanangu. Kinyume si cha herufi, ni cha silabi, zile ba be bi bo bu za darasa la kwanza, kwa hiyo meza ni zame. Herufi ni mambo ya karatasi, kinyume ni mambo ya mdomo, na watu walikuwa wanakiongea vizuri tu hawajawahi kushika kalamu.

Anza na kuhesabu. Jamo, limbi, tuta, hapo ruka nne nitaieleza chini, nota, tasi, basa, nena, sati, miku. Umeona vichekesho vyake? Tatu imekuwa tuta na nane imekuwa nena, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tuta" usirukie kutafuta barabara. Hesabu hivyo ukiwa unaosha vyombo, ukipanda ngazi, ukisubiri daladala, mpaka isikuombe kufikiri. Baada ya namba ingia jikoni, kila unachokigusa kitaje: wali ni liwa, nyama ni manya, ndizi ni zindi, sukari ni risuka.

Kitu ambacho watu hawakifundishi ni mkazo. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema kiTAbu. Ukigeuza lazima mkazo nao uhame, buKIta. Wanaoanza wanageuza silabi lakini mkazo wanauacha palepale kwenye ta, wanasema bukiTA, na hapo hata bibi aliyelala kibarazani anajua neno lilikuwa kitabu. Ukiupeleka mkazo panapostahili, neno linasikika kama Kiswahili cha mahali fulani usipopajua, na huo ndo utamu wenyewe.

Na angalia mbele ya nani unaongea. Sisi utotoni jikoni kwetu dada yangu mkubwa alikuwa amekalia mbuzi anakuna, mimi mbio za kutumwa, akanipigia kelele kwa mbwembwe zote, "Tale zina limbi!", yaani leta nazi mbili. Bibi yetu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo pale pembeni, mtu wa swala tano, kinyume hajui, yeye alichosikia ni zinaa. Mbili. Ungo ukawekwa chini taratibuuu, mwiko ukachukuliwa, na dada alivyoruka kwenye ile mbuzi sijawahi kuona. Tulijieleza mpaka jioni. Kuanzia siku hiyo nazi kwetu ilikatazwa kugeuzwa, tukawa tunasema "ile ya kukuna".

Anti, kuna maneno yananishinda. Mtu, nchi, mbu, nne. Na "na" na "ya" nazigeuza vipi jamani silabi ni moja tu? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Swali zuri hili, linaonyesha umeshafika mbali. Piga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Ndizi: ndi-zi, makofi mawili, maana ile n imeshikana na d haiachiki. Nchi nayo makofi mawili, n-chi, kwa sababu hapo n imesimama peke yake kama silabi nzima. Vivyo hivyo m-tu, m-bu, n-ne. Kwa sheria kavu mtu anakuwa tum, nchi inakuwa chin, nne inakuwa nen. Zinasikika kama kitu kilichokatika, najua, Kiswahili hakipendi kumaliza neno na mdomo umefungwa. Wengine wanaongeza irabu wanasema tumu, wengine wanayaacha kama yalivyo yapite. Kwenye kundi lenu kubalianeni moja, hakuna polisi wa kinyume.

Hiyo m ikiwa mwanzo wa neno refu haisumbui hata kidogo. Mtoto ni tomto, mgeni ni nimge, unaona imejificha katikati inajisikia nyumbani. Mbuzi je? Hapo mb ni kitu kimoja, mbu-zi, zimbu. Ndo ujue mbu na mbuzi zinaandikwa vilevile mwanzoni lakini makofi yanazitenganisha.

Hizo "na" na "ya" zina njia mbili, ama uziache zilivyo, ama uzigandishe kwenye neno linalofuata ugeuze vyote pamoja, "na wewe" ikawa wenawe. Hii ya pili ni tamu zaidi, na inamvuruga vizuri msikilizaji anayejaribu kudukua, ila usiianze mwezi wa kwanza utachanganyikiwa.

Aunty niaje, si hii ni Sheng tu mnaita jina ingine? Sisi Nairobi stori tunaita risto tangu kitambo. (Msomaji, Nairobi)

Poa mdogo wangu. Risto ni stori iliyogeuzwa, hapo sikupingi, damu ni moja. Ila tofauti ni kwamba Sheng inageuza neno moja moja halafu neno hilo linabaki hivyo, mtu anasema risto bila hata kufikiria stori, wakati kinyume kinageuza sentensi nzima, papo hapo, na kesho hakuna neno lililobaki. Wafaransa wana yao wanaiita verlan, ambayo ni neno l'envers, yaani kinyume, limegeuzwa. Femme, mwanamke, wakaligeuza likawa meuf. Arabe ikawa beur, na beur ilipozoeleka kwa kila mtu wakaigeuza tena ikawa rebeu. Kwao ukigeuza mara mbili hutarudi ulikotoka kwa sababu njiani sauti zinakatwa. Sisi kwetu hakuna kinachopotea, kitabu ukikisogeza silabi ya mwisho mbele mara moja ni bukita, mara mbili ni tabuki, mara tatu hiki hapa kitabu kimerudi kizima.

Na Waganda wasije wakaninunia, wana Ludikya, wao wanageuza silabi zote kama yule jirani wa Temeke, mukono unakuwa nokomu. Lakini wana ufundi mmoja unaonivua kofia: silabi zinahama, urefu hauhami. Baana, watoto, haiwi nabaa, inakuwa naaba, yaani ule mvuto wa sauti unabaki mahali pa kwanza hata kama aliyekalia kiti amebadilika.

Anti naomba nitumie kinyume kwenye insha ya mtihani, si ni Kiswahili pia? (Hakutaja alipo)

Hapana.

Dada yangu, mimi ni mama wa binti wa miaka 12. Juzi kaacha simu yangu mezani nikakuta meseji aliyomwandikia rafiki yake, sielewi ni lugha gani, nimeogopa. Imeandikwa hivi: "shoke netukuta niduka, jeu na sape, mama easiju". Nisaidie kutafsiri. (Mama wa wawili, Tanga)

Pole dada, kunywa maji kwanza. Nitakutafsiria, lakini nataka na wewe ujifunze, ili siku nyingine usinitume.

Kosa la watafsiri wachanga ni kuanza na neno la kwanza na kung'ang'ania hapo. Wewe tafuta kwanza neno ambalo halijageuka, maana Kiswahili kimejaa silabi pacha: mama, baba, dada, kaka, bibi, kuku, sasa, wewe, lala. Hayo ukiyageuza mara mia yanabaki vilevile. Ndo udhaifu mkubwa wa kinyume kwa watoto wa Kiswahili, wanataka kuwasengenya wazazi na mzazi ndiye neno pekee lisilofichika. Hata wewe najua jicho lako lilitua kwenye "mama" kabla ya kitu kingine chochote, ndo ukaogopa.

Halafu chukua mafupi. Shoke, rudisha sho nyuma: kesho. Jeu: uje. Sape: pesa. Sasa marefu, utoe kichwa ukipeleke mkiani. Ne-tukuta, tukutane. Ni-duka, dukani. E-asiju, asijue. Tayari: "Kesho tukutane dukani, uje na pesa, mama asijue."

Hapa ilikuwa rahisi, ila angalia maneno yenye sura mbili, ukisikia mali huenda ni lima, wema huenda ni mawe, zika huenda ni kazi tu ya kawaida, na mwizi akigeuzwa anakuwa zimwi, sa fikiria mtoto anakwambia kuna zimwi dirishani hujui upige yowe la aina gani. Dawa ni kuijaribu sentensi nzima, ile ambayo haileti maana unaitupa.

Kuhusu binti yako, mi siwezi kujua wanakwenda kununua nini huko dukani. Inaweza kuwa barafu za ukwaju, inaweza kuwa zawadi yako mwenyewe. Usimgombeze kwa meseji, maana atahama atatafuta lugha ngumu zaidi na mi sitakuwepo. Leo usiku mkiwa mnakula, mwache ashibe, halafu bila kunyanyua macho kwenye sahani mwambie, na mkazo uuweke vizuri kwenye sha: "Mama aameshaju."