Kigimbi Kinajaa Nikikimbia, Vipimo Vyote Vinasema Mzima

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Wete, nakimbia mbio za kilomita 10 na za nusu marathoni. Tangu kabla ya Ramadhani kigimbi cha kulia kinanisumbua. Naanza vizuri tu, lakini nikifika dakika ya 12 au 15 kinajaa, kinakuwa kigumu, unyayo unakufa ganzi na nalazimika kusimama. Nikikaa chini kinaachia, narudi nyumbani natembea kama sina kitu. Nimepigwa eksirei, nimepimwa damu, nikaambiwa mzima, nipumzike. Nimepumzika mwezi mzima. Siku ya kwanza kurudi barabarani, hali ni ile ile. Mchuaji amenichua kwa mafuta ya nazi na karafuu, kesho yake hata kuchechemea shida. Mama anasema nimepigwa jicho. Wenzangu wanasema naogopa mashindano. Nifanye nini?
Mkimbiaji, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Hao wenzako waache na maneno yao. Woga haungoji dakika ya 12 kila siku. Mama naye mwache akusomee dua, kwani dua haijamzuia mtu kwenda kupimwa.

Barua yako imeniambia jambo ambalo eksirei haiwezi kulisema: maumivu haya yana wakati wake wa kuja na wakati wake wa kuondoka. Wewe umepimwa ukiwa umelala. Umepanda gari hadi hospitali, umekaa kwenye benchi ukisubiri kuitwa, na ulipofika kitandani mguu ulikuwa umetulia zamani. Eksirei imetazama mfupa, damu imetazama mambo ya damu. Hakuna aliyeutazama mguu huo ukiwa kazini. Na hilo neno "pumzika" likiandikwa peke yake kwenye cheti, mimi silipendi. Kupumzika kunatibu msuli uliochanika. Kama kasoro ni ya maumbile ya mguu, utakapoanza kukimbia tena itakuwa pale pale inakungoja.

Yapo mambo ambayo kwa maelezo yako nayaweka mbali kidogo. Msuli wa ndani wa kigimbi, ule mpana uliolala chini ya ule wa juu, ukichanika huuma polepole na kwa kina, lakini asubuhi yake bado unausikia, hasa ukiinuka kwa vidole huku goti limekunjwa. Wako unaachia wote. Ufa mdogo wa mfupa wa muundi huuma mahali pamoja panapofunikwa na ncha ya kidole, na mara nyingine huuma hata usiku. Ufa huo eksirei inaweza isiuone wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo eksirei safi peke yake haiufuti. Kinachonifanya nisiufikirie sana ni hiyo ganzi na huko kuachia upesi. Neva inayobanwa kiunoni nayo hushuka mpaka kigimbini. Hiyo jipime mwenyewe: kaa ukingoni mwa kitanda, jikunje mgongo, kidevu kifuani, kisha nyoosha goti la kulia. Kama kigimbi kinauma halafu kinapoa ukiinua kichwa tu, mwambie daktari akutazame kiuno. Ukiona pia kwamba kukaa muda mrefu, mathalani kwenye boti kutoka Mkoani hadi Unguja, kunauma kuliko kukimbia, ni dalili ya upande huo huo.

Wanabaki wawili, na ndio ninaowashuku.

Wa kwanza ni utando. Misuli ya chini ya goti imegawika katika vyumba vinne, kila kimoja kimefungwa kwa utando mgumu. Ukikimbia, msuli unajaa damu na kuvimba. Kwa baadhi ya wanariadha utando hautoi nafasi, kama foronya iliyoshindiliwa sufi kupita kiasi, na shinikizo la ndani linabana msuli na neva. Neva inayokwenda unyayoni imepita katika chumba cha nyuma, kule ndani kabisa, ndiyo maana ganzi yako imenishtua. Maumivu ya namna hii huja karibu dakika ile ile au umbali ule ule, na mara nyingi hushika miguu yote miwili. Wako ni mmoja, na hilo linanifanya nimtazame zaidi mshukiwa wa pili.

Huyo ni mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti. Kuna watu wanaozaliwa na kichwa cha ndani cha msuli wa kigimbi, yaani shina lake linaloshika nyuma ya goti, kimekaa mahali pasipo pake, na kila wakikanyaga kwa nguvu msuli unaubana mshipa. Jambo hili halikugunduliwa jana: mwanafunzi wa udaktari wa Edinburgh, Anderson Stuart, alilieleza mwaka 1879. Hata hivyo vijana wengi bado huzungushwa muda mrefu, kwa sababu nani atamfikiria mkimbiaji wa miaka 23 kuwa na shida ya mishipa? Tena hili si la kuvumilia. Mshipa ukibanwa miaka na miaka unaweza kuharibika na kuziba.

Sasa fanya hivi. Jifunze kwanza, ukiwa umetulia nyumbani, kutafuta mapigo ya damu mahali pawili: juu ya wayo, na nyuma ya kifundo cha ndani. Mguu wa kushoto na wa kulia. Kisha nenda uwanja wa skuli uliosawazishwa. Barabara zenu za Pemba zinapanda na kushuka, na mlima unakitwisha kigimbi mzigo mkubwa kuliko tambarare, kwa hiyo ukipima barabarani leo na kesho hutajua kinachobadilika ni mguu au njia. Kimbia na mwenzako mpaka maumivu yaje. Papo hapo mwenzako ashike mapigo ya miguu yote miwili, atazame kama unyayo wa kulia umepauka au umepoa, na aandike dakika iliyoanza na dakika iliyoachia. Mapigo yakipotea kulia na kushoto yapo, umeshapata hoja ya kumpelekea daktari. Yakibaki, usidhani bado kwamba mshipa ni mzima. Hicho ni kipimo cha mikono tu.

Ukienda hospitali, nenda na daftari hilo. Mweleze daktari kwamba maumivu huja kwa kukimbia, umuombe akutazame kabla na baada. Vaa raba zako, kimbia nje mpaka mguu ujae, ndipo uingie. Omba altrasaundi ya Doppler, ile inayoonyesha damu inavyopita, ya mshipa wa nyuma ya goti, na usisitize ipimwe mguu ukiwa umelegea na pia ukiwa unasukuma chini kwa nguvu kama unayekanyaga pedali. Ukipimwa umelegea tu, utarudishwa nyumbani na karatasi nyingine safi. Mshipa ukiwa salama, kipimo cha utando ni sindano inayopima shinikizo ndani ya msuli kabla na baada ya kukimbia. Madaktari wengi hutazama kama limefika milimita 30 za zebaki dakika moja baada ya kusimama, au bado lipo 20 baada ya dakika tano. Omba rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na ikibidi uvuke hadi Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Lakini piga simu uulize kipimo kipo kabla ya kulipa nauli ya boti.

Ama mchuaji, mwambie aache kukuchua kwanza. Karafuu yetu ina eugenol, dawa ya kutuliza maumivu inayotumiwa pia na madaktari wa meno. Inapooza ngozi, haifiki kwenye chumba cha ndani. Na siku kigimbi kikivimba kimoja, kikawa cha moto na kinauma hata umekaa, asikiguse mtu: huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama baada ya kukimbia kimekataa kulegea, maumivu yanazidi na vidole havichezi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mchezaji wa netiboli, Makunduchi. Nimepewa antibiotiki ya sipro (ciprofloxacin) kwa maambukizi ya mkojo, na sasa kano ya kisigino inauma mpaka kigimbini, wala sikuanguka. Je, niendelee na mazoezi ya kunyoosha?

JIBU: Usinyooshe wala usiruke, dada. Ciprofloxacin na jamii yake zinajulikana kudhuru kano, ya kisigino hasa; tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa hizo. Hatari huzidi kwa aliyepita miaka 60 na anayetumia dawa za steroidi kama prednisolone. Usiiache dawa kimyakimya ukabaki na maambukizi: rudi leo kwa aliyekuandikia, na paketi mkononi, akubadilishie. Ukisikia mlio nyuma ya mguu na ukashindwa kuinuka kwa vidole, usingoje kesho.