Ukitaka kumfunza Afisa Elimu Kata, anzia darasa la pili

Semina yangu ya kwanza ya Maafisa Elimu Kata, wale wanaosimamia shule za kata zao, niliiendesha ukumbini siku tatu, projekta ikiwaka na sambusa zikija saa nne. Kila mmoja aliondoka na kabrasha nene. Miezi miwili baadaye nikalikuta moja shuleni, limekunjwa na kutiwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Angalau lilifaa kitu.

Tangu hapo siku ya kwanza sifundishi. Tunakwenda shuleni wanne wanne, tunaketi nyuma ya darasa la pili, kila mmoja anasomewa aya moja na mtoto. Kisha afisa mmoja anakaa na mwalimu chini ya mwembe, wengine tunasikiliza. Kazi yote iko hapo. Wengi wa maafisa hawa wametoka kushika chaki. Mwalimu aliye mbele yake pengine jana walikuwa wakigombea kiti kimoja ofisini. Basi anakimbilia mepesi: andalio la somo, azimio la kazi, tiki, saini kwenye kitabu cha wageni, pikipiki hiyo. Mmoja alimwambia mwalimu, "Boresha ufundishaji." Akajibiwa, "Sawa, bosi," yakaisha.

Nikamwomba arudie kwa swali moja tu: ni watoto gani ambao bado hawasomi, na wiki ijayo utafanya nao nini? Mwalimu akawataja watano kwa majina, daftari hajalifungua. Kumbe alikuwa anasubiri aulizwe.

Kwenye fedha, achana na nadharia za bajeti. Ruzuku ya serikali kwa shule ya msingi Tanzania ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule. Nyingine ni za vitabu. Wanafunzi 400 ni 2,400,000, yaani laki mbili kwa mwezi. Mpe afisa taarifa ya benki, msimamishe mbele ya ubao wa matangazo wa shule, aoanishe. Nimeona watu wenye shahada wakitoka jasho hapo.

Rudi baada ya wiki sita, na usiende kukagua: mwombe tu afisa mfuatane shuleni. Na tenga fedha ya mafuta. Posho ya madaraka ya 250,000 anayopata afisa kwa mwezi ina watoto wake wa kusomesha pia. Mimi fedha ya ukumbi niliiomba ihamie kwenye petroli. Mhasibu akagoma wiki nzima, maana sambusa zina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, petroli ya pikipiki haina.