Mgeni Wako Anataka Mbogo: Usikimbilie Arubuni

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Shela, kisiwani Lamu, ambaye huwapangia wageni matembezi ya jahazi na safari za Tsavo. Baada ya kunisalimu kwa adabu na kuniulizia watoto, alinieleza kwamba mgeni wake wa miaka mingi, Mzungu anayekuja kila kaskazi, anataka kuwinda mbogo. Kwamba amekwisha kumpatia mtu wa Arusha wa kulishughulikia jambo hilo. Na kwamba arubuni ameipokea. Swali lake lilikuwa moja tu: bunduki ya mgeni ipitie Nairobi au Mombasa? Nililisoma swali lile mara tatu nikiwa barazani hapa Malindi mpaka chai ikanipoa, kwa sababu ndilo swali nililouliza mimi mwisho wa mwaka 2021, nikiwa na arubuni ya mtu mkononi, na jibu lake lilinigharimu mashine ya boti.

Ujumbe huo ulinikuta katika furaha. Siku chache kabla yake mgeni wangu alikuwa amerudi salama kutoka Tanzania baada ya kumpata mbogo aliyemwota miaka kumi, na mimi nilikuwa pamoja naye. Kwa hiyo nina haki ya kulisema jambo hili kutoka pande zote mbili.

Nawaandikia wenzangu wa Malindi, Watamu na Lamu ambao tunaishi kwa wageni. Sote tunalitamani soko hili. Anayelipia siku mbili za kutazama tembo Tsavo na anayelipia siku 21 za kumwinda simba Tanzania, safari ambayo hupita dola 50,000, si wateja wa daraja moja. Tena kwetu pwani jambo hili lina mizizi. Marehemu babu yangu alikuwa mbeba bunduki katika nyika za Galana, kabla serikali ya Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na mpaka anafariki aliweza kukuonyesha kwa kidole mahali pa kumlenga mbogo aliyekugeuzia ubavu. Marufuku ile ipo hadi leo, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeikaza zaidi. Anayetaka kuwinda hana budi kuvuka mpaka, na jirani wa karibu ni Tanzania, ambayo nayo ilifunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena mwaka 1978.

Sasa nieleze aibu yangu. Mgeni yule wa 2021 alikuwa rafiki. Alikuwa amenunua nyumba hapa, anakisema Kiswahili cha sokoni, na wanangu walimwita babu. Aliponiambia anataka mbogo sikumwuliza hata swali moja, nilimwambia, «Jambo hilo dogo, niachie mimi.» Nikampata mtu kwa simu, akanitumia picha za kambi nzuri, za vitanda vyenye vyandarua na mbogo waliolala mbele ya wawindaji wanaotabasamu, akasema kitalu, yaani eneo la kuwindia, kiko Selous. Jina la Selous lilinilewesha. Nikatuma nusu ya fedha siku ileile.

Mgeni akaja na bunduki yake kupitia Nairobi, akikusudia kupumzika Malindi majuma mawili ndipo aende Tanzania. Hakuna aliyekuwa ametuombea kibali cha kuiingiza silaha ile Kenya. Nakumbuka sanduku lile refu la alumini lililowekwa juu ya meza ya chuma, kufuli zake mbili zimefunguliwa, na afisa akiinakili namba ya bunduki kwenye daftari, herufi baada ya herufi, bila haraka. Hakutukana wala hakuomba kitu. Alifunga sanduku, akalichukua, akatupa karatasi. Mgeni wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu.

Wakati tunahangaikia sanduku hilo ndipo nilipompigia jamaa yangu wa Dar es Salaam anitafutie habari za kitalu. Akanipigia kesho yake. Eneo lile nililouziwa halikuwa tena pori la akiba, ambako uwindaji huruhusiwa: sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna mtu anayewinda. Mtu wa simu alikuwa ameniuzia jina la zamani, na mimi nililinunua kwa sababu nililipenda. Nilipompigia, simu ilikuwa imezimwa.

Mgeni alinisemea mbele ya watu katika mkahawa ulioko barabara ya Lamu, na maneno yake yalifika nyumbani kabla yangu. Niliuza mashine ya boti niliyoimiliki pamoja na kaka yangu ili nimrudishie fedha zake, na kaka yangu hakusema neno, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angesema. Mgeni yule hanijibu salamu hadi leo. Miaka iliyofuata niliitumia kupeleka watu Gede na Tsavo, sina la kusimulia.

Nilichojifunza ni kwamba safari ya kuwinda hupangwa kinyume na safari zetu nyingine zote. Sisi huanza na tarehe ya mgeni, kisha bei, kisha hoteli. Huku unaanza na kitalu, kisha mgawo wa wanyama, kisha mwindaji bingwa atakayemwongoza mgeni, na fedha ni ya mwisho.

Tarehe ndiyo inayotupoteza sisi wa pwani zaidi ya wengine. Wageni wetu huja wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari na jua likiwa kali. Kisheria msimu wa uwindaji Tanzania huanza tarehe 1 Julai na huendelea mpaka 31 Machi, kwa hiyo ukisoma karatasi utadhani Januari inafaa. Haifai. Nyasi zimepanda juu ya kichwa, maji yako kila mahali hivyo wanyama hawana haja ya kuja mtoni, na gari linazama kwenye tope jeusi. Wakati wa kuwinda ni kusi, Julai hadi Oktoba, majani yakiwa yameanguka na vidimbwi vimekauka. Ni miezi ileile ambayo sisi tunafunga milango ya nyumba za wageni na kupaka rangi. Lazima umbadilishie mgeni kalenda yake, na ni vigumu, kwa sababu amezoea. Mwambie hivyohivyo, kabla hajakupa senti.

Kitalu ni lazima ukijue kwa jina lake kamili, na ujue kama ni pori la akiba, pori tengefu au eneo la jumuiya ya vijiji. Mwaka 2019 haikubadilika Selous peke yake. Ugalla nayo ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Mtu anayekuuzia kwa ramani ya mwaka 2015 anakuuzia hewa. Baada ya kitalu, uliza mgawo: kila kitalu hupewa idadi ya wanyama wa kila aina kwa msimu, na ikiwa mbogo wa mgawo wamekwisha kuuzwa, mgeni wako atakwenda kupiga picha. Kisha jina la mwindaji bingwa mwenye leseni, kwa sababu mgeni hawezi kuwinda bila yeye, na askari wa wanyamapori lazima awepo. Mambo hayo matatu yaandikwe kwenye barua ya kampuni yenye leseni, si kwenye ujumbe wa simu. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ipo na inaulizika. Mimi nilikuwa na simu mkononi mwaka 2021 na sikuuliza.

Kuhusu bunduki, ambalo ndilo swali la kijana wetu: isipite Kenya kabisa. Mgeni aende Tanzania moja kwa moja kutoka kwao, kampuni ya huko imwombee kibali cha muda cha silaha mapema, ndipo akimaliza aje kupumzika kwetu, bunduki ikiwa imekwisha rudi kwao kwa njia halali. Au aazime bunduki ya kampuni kambini, jambo ambalo nalipenda zaidi. Kwa mnyama wa hatari kama mbogo, bunduki isiwe chini ya kipenyo cha inchi .375. Mashirika ya ndege hayaruhusu risasi kupita kilo 5 kwa abiria, na yapo yasiyobeba silaha kabisa, kwa hiyo tiketi isinunuliwe kabla ya kuuliza. Na ikiwa mgeni anatokea kwetu Kenya, hata kwa siku chache, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitaulizwa mpakani.

Msimu huu tulikwenda upande wa Rungwa, katikati ya Tanzania, mwezi Septemba, siku kumi. Nilikuwa nimeanza maandalizi miezi kumi na minne kabla. Nilimkataza mgeni kuvaa nguo za buluu na nyeusi kwa sababu mbung'o huzipenda, na siku ya kwanza alinishukuru. Jambo moja nililompigia kelele kwa mwaka mzima ni mazoezi: huko kwao alizoea kupiga akiwa ameegemea meza, lakini porini utapiga umesimama, bunduki ikiwa juu ya magongo matatu yaliyofungwa pamoja, moyo unadunda, na jasho liko machoni. Nilimwambia ajitengenezee magongo yake nyumbani na ayatumie kila Jumamosi. Akatengeneza.

Siku ya sita, mfuata nyayo alichuchumaa, akaokota kinyesi, akakipasua kwa kidole gumba. Juu kilikuwa kimekauka, ndani bado kilikuwa na unyevu na kijani. Hakusema kitu, alinyoosha mkono kuelekea jua linapochwea na kugeuza kiganja chake juu, maana yake wako karibu. Tulitembea saa tatu zaidi. Madume manne, wazee, wamejilaza kwenye kivuli cha miombo, na mmoja pembe zake zilikuwa zimeungana katikati ya kichwa na kukauka kama jiwe, dalili ya dume aliyepevuka. Mwindaji bingwa aliyasimika magongo. Mgeni wangu alisubiri, nilihesabu pumzi zangu mpaka nikapoteza hesabu, yule dume akasimama na kugeuka ubavu, ndipo akapiga. Palepale babu alipokuwa akinionyesha kwa kidole. Dume alikimbia hatua zisizozidi sitini, na baada ya muda tukasikia mlio wake mrefu wa mwisho, ambao wafuata nyayo wanautambua vizuri.

Nilitokwa na machozi, na siyaonei haya. Ningependa mzee yule angekuwapo.

Elezeni wageni wenu pia kwamba mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kuwa amewindwa, na ada yake hulipwa yote. Wakilijua hilo mapema hawatapiga kwa pupa, na hawatakulaumu.

Kisha kuna nyara, yaani pembe, fuvu na ngozi ambazo mgeni hutaka kwenda nazo kwao. Mbogo hayumo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo karatasi zake ni nyepesi, ingawa vyeti vya daktari wa mifugo na kibali cha kuzisafirisha vinahitajika. Chui na tembo wa Tanzania wamo katika orodha kali zaidi, na nchi kadhaa za Ulaya zimeziba milango ya baadhi ya nyara. Uholanzi ilianza mwaka 2016 na Ubelgiji ikafuata mwaka 2024. Sheria ya nchi ya mgeni isomwe kabla ya kuchagua mnyama. Na tafadhalini sana, nyara zisipite Kenya. Hata jino la ngiri mfukoni, hata bangili ya singa za tembo aliyopewa kambini kama zawadi. Kwetu kukutwa na nyara bila kibali ni kosa la jinai, na atakayeitwa kituoni kutafsiri ni wewe.

Wapo ndugu wanaoniuliza kama kazi hii ni halali mbele ya dhamiri. Kwangu mimi, dume mzee aliyemaliza kazi yake, katika kitalu chenye mgawo uliopimwa, ni halali. Lakini ipo safari ambayo sitaipanga kwa bei yoyote, nayo ni ya tembo wenye pembe kubwa karibu na mpaka wa Amboseli. Mwaka 2023 na 2024 madume wa aina hiyo, ambao Kenya wanajulikana kwa sura, waliuawa na wawindaji walipovuka upande wa Tanzania. Ukiletewa ofa ya namna hiyo, ikatae, na usione haya kumweleza mgeni kwa nini. Tamaa ndiyo iliyonifikisha mimi kwenye ile meza ya chuma, na ninaiona tamaa hiyohiyo katika jumbe nyingi mnazoniandikia. Tulieni. Andikeni, ulizeni, subirini barua.

Jana usiku kijana wa Shela aliniandikia tena. Arubuni bado iko kwake, hajaituma. Amemwomba mtu wa Arusha jina la kitalu, mgawo na jina la mwindaji bingwa, na siku nne zimepita bila jibu. Mgeni wake atafika kabla ya mwaka mpya. Nimemwambia amrudishie fedha zake akifika, ampeleke Kiwayu kwa jahazi, na huko ndiko wazungumze habari za Agosti.